Kioo Kikavu

Chetezo nimekitupa mimi. Nasema mapema, nisije nikasingiziwa shetani wala homa ya uzazi. Nilikuwa kitandani nyumbani kwa Mama, mtaa wa Kuze, Mombasa, kwenye arubaini yangu ya kwanza, mwanangu ubavuni, na nje mvua imeshika tangu alfajiri. Mama akaingia na chetezo cha marehemu Bibi, makaa yamewiva, udi umeanza kufuka. Akakisukuma chini ya kitanda. Halafu akavuta kioo cha dirisha mpaka kikagota, akasokota leso, akaziba upenyo wa chini ili upepo usinipate. Harufu ilipopanda sikuwa tena chumbani. Nilikuwa ndani ya pikapu.

Niliinuka na mishono yangu, nikakivuta chetezo kwa mkono mtupu, nikafungua dirisha kwa mkono wa pili, nikakirusha uani. Kiganja kiliungua na mpaka leo hakijapona vizuri. Shangazi alipiga ukelele. Mama akasema, "Huyu keshapandwa!" Sijapandwa. Nina hasira. Hasira si ugonjwa, na hii yangu ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu.

Basi niieleze. Nawaeleza nyinyi wenzangu tuliokua pamoja, mliocheza kwenye madimbwi ya mvua za El Nino na sasa mnalea. Wakubwa wameshasikia wanachotaka kusikia.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoharibika. Kazi yake ilikuwa barafu. Kila asubuhi baada ya sala aliteremka Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, kuchukua mapande ya barafu, akayafunika kwa magunia na vumbi la mbao, akawasambazia wauza samaki na wenye vioski vya maji ya matunda. Siku kukiwa na harusi, alipeleka pia kwenye yale majumba ya Kizingo. Shule zikifungwa, alitupakia mimi na mdogo wangu Salim. Mimi nilikaa upande wa dirisha kwa sababu nilikuwa na kazi. Salim alikaa katikati, miguu huku na huku ya gia, kwa sababu hakuwa na kazi.

Kazi yangu ilikuwa kioo. Wakati wa jua hapakuwa na neno, tulifungua madirisha yote na upepo ukapita. Lakini mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Ilinyesha jana, leo na kesho, kuta za nyumba zikaota kuvu, mikate ikaharibika kabla ya kuliwa. Ukifunga madirisha ya gari, basi: nyuma yenu barafu, mbele yenu mvua, ndani nyinyi watatu mnahema, na kioo kinashika ukungu mpaka Baba haoni hata boneti yake. Nilipewa kipande cha kikoi chakavu. Baba alisema, "Rukia!" nami nikapiga magoti kitini, nikapangusa mbele yake, kisha mbele yangu, kisha tena mbele yake, maana kwake kulikuwa kumeshashika tena.

Salim ndiye aliyekuwa adui wa kazi yangu. Nikimaliza kupangusa, alijiinamisha juu ya mapaja yangu mpaka kwenye kioo cha dirisha langu, akafungua mdomo wote, akafanya, "Haaa!" Ukungu ukashika duara. Akachora jicho na jicho na mdomo.

"Huyu nani?" nilimwuliza.

"Wewe."

"Mbona hana nywele?"

"Umenyolewa. Una chawa."

Nilimpiga kibao kidogo, akacheka, akafanya "Haaa!" tena. Nami, nisiwe mwongo, nilipenda. Nilimwambia, "Fanya kubwa. Fanya mpaka huku." Alikuwa na pumzi yule mtoto! Kifua chembamba kama cha kinda, lakini alifunika kioo kizima.

Siku moja Kizingo, kwenye zile njia za miti mikubwa ambazo hapiti mtu kwa miguu ila yaya na bawabu, yaya mmoja alitokea ghafla na mwavuli wake. Hatukumwona hata kidogo. Baba alikanyaga breki, barafu ikateleza nyuma na kugonga kabini, bwaa! Salim akapiga paji lake kwenye dashibodi. Yaya alikuja kwenye kioo, akakigonga kwa mpini wa mwavuli.

"Baba! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Niwie radhi, mama. Kioo hiki."

"Kioo ndicho kinachoendesha?"

Baba alinipokonya kikoi, akapangusa kioo mwenyewe, ndipo akaondoa gari. Jioni Mama alisikia habari zote kwa Salim, ambaye hakuwa na siri, akaweka chini nazi aliyokuwa akikuna. "Iko siku mtaua mtu na kioo hicho," akasema.

Tangu siku ile kioo kikawa maneno ya baraza yetu. Kila mwanamume wa mtaa alikuwa na dawa.

"Hita ndiyo dawa," alisema Kombo fundi. "Lakini hii yako ilikatwa mipira zamani. Nani Mombasa ataka joto? Ukitaka joto, wakaa tu."

"Chana sigara," alisema mwingine. "Tumbaku ile uisugue kiooni."

"Sabuni ya mche, kavu. Usitie maji."

"Kitunguu, yakhe! Kata kipande, paka. Hakishiki mpaka Idi."

Tulivijaribu vyote. Tumbaku ilinipigisha chafya mpaka Liwatoni. Sabuni ilifanya taa za magari yanayokuja ziwe kama mwezi uliopasuka. Kitunguu kilimliza Baba machozi, na Salim akasema, "Sasa hata macho ya Baba yameshika ukungu." Watu wa baraza walicheka kwa maneno yale mpaka wakalazimika kukohoa. Mtoto huyo alikuwa hajaanza hata chuo cha Kurani.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Bibi hakuwa mtu wa kutoka. Gari alilijua kwa mlio tu. Lakini nguo alizijua. Katika mvua kama ile, nguo hazikauki wala hazinukii, basi wanawake wetu hufanya walivyofanya siku zote: makaa kwenye chetezo, udi au ubani juu, tenga la ukindu kuinamishwa juu yake, nguo ikatandazwa juu ya tenga. Inakauka, na inanukia. Bibi alikuwa amekaa mbele ya tenga lake, kanzu ya Baba ikifukizwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na wajinga:

"Hii kanzu yako mbichi naikausha na nini?"

"Na chetezo, Mama."

"Na kioo kina nini cha zaidi?"

Baba akacheka. "Mama, gari si nguo."

"Na wewe si fundi. Kijaribu."

Nataka mwelewe jambo moja hapa, maana bila hilo mtaona watu wangu ni wapumbavu, nao hawakuwa wapumbavu. Nyumba zetu za zamani hazikufungika. Katikati uwa ulio wazi juu, madirisha ya mbao yenye matundu, milango yenye nafasi ya paka kupita. Moshi ulikuwa na njia zake tangu siku nyumba ilipojengwa. Mabibi na mabibi zao walifukiza maharusi, wazazi, watoto, maiti, na chetezo hakikumdhuru mtu. Hapakuwa na mtu Kuze aliyewahi kukaa na moto mahali pasipopumua. Mahali pa namna hiyo hapakuwapo. Mpaka ilipokuja kabini ya pikapu.

Basi kesho yake Baba alikiweka chetezo chini, upande wangu, kimezungushiwa matofali kisianguke. Na kioo kikakauka! Wallahi kilikauka. Kwanza katikati, halafu ukungu ukarudi nyuma pembeni kama maji yanayokupwa, na barabara ikatokea mbele yetu, safi, kila jani la mti. Baba alipiga honi bila sababu. Gari likanukia kama chumba cha bibi harusi. Wauza samaki walipofungua mlango walivuta pua, wakasema, "Leo barafu imeolewa?"

Bibi alipopewa habari hakusema mengi. "Nshawaambia," akasema, akageuza kanzu upande wa pili.

Siku zile za mwanzo hazikutudhuru kwa sababu ya ubovu wa gari. Kioo cha upande wangu kilikuwa hakipandi mpaka juu. Kilikwama na kuacha nafasi ya kupitisha ngumi, na mvua iliingilia hapo ikatulowesha mimi na Salim. Kile kibovu ndicho kilichokuwa kikituweka hai. Hakuna aliyejua. Salim akaanza kukohoa, Mama akanung'unika kuhusu mvua inayoingia, na Baba, ambaye alimpenda mwanawe kuliko macho yake, akampelekea Kombo gari. Kombo akalifungua ubavu, akatia waya wapi sijui, kioo kikapanda mpaka juu na kufunga, tak. Baba akasugua mikono.

"Sasa mtasafiri kama wafalme," akatuambia.

Asubuhi iliyofuata Liwatoni palikuwa na foleni ndefu. Umeme ulikuwa umekatika na mashine ya barafu ilikuwa imelala. Pale mtu huweka jiwe au kikapu chake kwenye mstari kumshikia zamu, lakini kukiwa na shida vikapu hupigwa teke. Mtoto aliyekalia kreti hapigwi teke, watu waona haya. Kwa hivyo Baba alinituma mimi nikae kwenye kreti yetu chini ya paa la mabati.

"Nami naenda!" akasema Salim.

"Wewe na kifua chako? Kaa hapa penye joto."

Nilimwonea wivu. Nilikaa kwenye kreti, maji ya mvua yakirukia miguu yangu, nikilitazama gari letu limeegeshwa kando ya ukuta, na Baba aliyekuwa akiongeza makaa kutoka kwenye mkebe. Kisha akapandisha kioo chake. Halafu akainama kwa upande wangu, akapandisha na kile. Nikaona Salim akinifanyia uso kwenye kioo, pua imebandikwa kama ya nguruwe. Akafanya "Haaa." Akachora kichwa kisicho na nywele.

Mashine ilikuja ikaunguruma. Mstari ukasogea, nikasogeza kreti, ukasogea tena. Zamu yetu ilipokaribia nilimwomba mtu aliyekuwa nyuma yangu anishikie, nikakimbia kumwita Baba.

Kioo kilikuwa safi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Vioo vyote, vya mbele na vya ubavuni, vikavu, vimeng'aa, hapana hata alama. Nilifurahi kwa niaba ya Bibi. Baba alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, amelala. Salim alikuwa ameegemea mlango wangu, shavu lake kwenye kioo, midomo yake myekundu kama mtu aliyekula ubuyu.

Nikakasirika. Nikagonga kioo. "Umekula ubuyu bila mimi! Nani kakupa?"

Hakufungua macho. Mdomo wake ulikuwa umegusa kioo kabisa, na mimi nikangoja ukungu. Niliungojea ule ukungu wake kama mtu anavyongoja jibu. Haukuja. Nikajiambia, kweli dawa ya Bibi ni kali, imemshinda hata Salim.

Sikujua kitu. Sikujua kwamba kioo huwa kinashika ukungu kwa sababu kuna mtu anahema.

Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Nilimwita Baba, nikamwita tena, kisha nikamwendea mama mmoja aliyeuza chai langoni, tukimwita Mama Mutheu, Mkristo wa bara. Nilimwambia, "Baba haamki." Alitazama gari kwa mbali. Sijui aliona nini. Alitupa birika, akachukua jiwe la mtu aliyeweka zamu, akavunja kioo cha upande wa dereva. Akafungua mlango, joto na udi vikatoka, akapiga kelele ambazo naweza kuzisikia nikitaka na nisipotaka.

"Ni makaa! Nani ameweka makaa ndani ya gari? Kwetu kuna baridi, watu wanakufa hivi! Ni makaa!"

Wanaume wakaja wakawatoa. Baba walimlaza kwenye magunia, mvua ikimpiga usoni, na baada ya muda akatapika, akashika kichwa, akauliza kumetokea nini. Salim walimlaza kwenye meza ya samaki. Mama Mutheu alimfungua shati akamfikicha kifua, akampulizia mdomoni, huku akisema ni makaa, ni makaa, mpaka mmoja wa wanaume wetu akamwambia, "Nyamaza, mama. Usituongezee msiba."

Naye akanyamaza. Watu wote wakanyamaza. Wamenyamaza mpaka juzi.

Salim alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Sanda yake ilifukizwa kama desturi. Mnataka kujua kwa chetezo gani? Nyumba yetu ilikuwa na kimoja tu. Mtu alikwisha kukirudisha kutoka garini, akakifuta, akakitia makaa mapya. Nilikuwa nimesimama mlangoni, naona moshi ukipita kwenye kitambaa cheupe, na nilidhani wanamkausha ili asishike baridi.

Waliokuja kuhani msiba waliambiwa mtoto alikuwa na kifua. Wengine walisema jicho, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa maneno. Wengine walisema pale Liwatoni pana kitu cha baharini. Kifua, jicho, kitu. Mama Mutheu alikuja na sukari yake, akakaa ukingoni mwa jamvi na kilemba chake cha kanisani, akamwuliza Mama kwa sauti ya chini, "Kile chombo mmekitupa?" Mama alimwambia, "Ahsante kwa kuja." Nilikuwa nimekaa hapo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mimi nilimwendea Bibi. Nilimwuliza Salim amekufa na nini. Bibi alinivuta mapajani, na nakiri alikuwa akilia, akanijibu neno ambalo wazee wetu hujibu nalo.

"Pumzi za mja zina hesabu, mjukuu wangu. Za Salim zimekwisha."

Neno hilo ukimwambia mtu mzima, linamtuliza. Mimi nilikuwa mtoto wa kupangusa vioo. Zina hesabu! Basi kila mmoja amepewa zake, kama mabuyu kwenye mfuko, na ukizila ovyo zinakwisha. Na nani alizila ovyo? Zile "Haaa" zote. Kioo kizima, kila asubuhi, kutoka nyumbani mpaka Liwatoni. Na nani alimwambia, "Fanya kubwa, fanya mpaka huku"?

Hivyo ndivyo nilivyoishi utoto wangu uliobaki. Nilihema kidogo kidogo. Sikukimbia, sikuruka kamba. Chuoni mwalimu alinichapa kwa kuwa sisomi kwa sauti, nami nikaona afadhali bakora, bakora haipunguzi hesabu. Usiku nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma, nikijaribu kuziweka akiba, na wakati mwingine, nikizidiwa na uchungu, nilimwomba Mungu ampe Salim zile nilizoziweka. Mama aliniona nimekonda. Akanifukiza.

Nilikuwa shule ya upili, nimekaa nyuma, mwalimu wa kemia akiandika ubaoni kuhusu moto usiopata hewa ya kutosha. Akasema hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu akiivuta kwenye chumba kilichofungwa, damu huibeba badala ya hewa, analala, midomo inakuwa myekundu, haamki. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje bila ruhusa, nikasimama kwenye ukuta wa choo, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nikavuta pumzi nzima, mpaka mwisho, nikaitoa. Nikavuta nyingine. Nililia kwa zile pumzi mbili kuliko nilivyolia matangani.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama nilichosomeshwa. Alikuwa akichagua mchele. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza, hakushtuka.

"Usimwambie baba yako," akasema.

"Mwajua?"

"Usimwambie. Utamuua."

Walijua! Yule mama wa chai aliwaambia siku ile ile, na walijua. Walinyamaza ili Bibi asiambiwe kuwa ni ushauri wake, na ili Baba asiambiwe kuwa ni mkono wake. Niliambiwa ni huruma. Haya. Lakini huruma ile haikunifikia mimi. Na chetezo hakikuondoka. Kukitupa kungekuwa kusema, basi kikabaki pembeni ya kabati, na kila Ijumaa kilifuka.

Baba hakuendesha tena. Gari liliuzwa na kioo chake kilichovunjika. Bibi alikufa bila kuambiwa neno. Juzi juzi Mama aliibomoa ile nyumba yetu iliyokuwa ikipumua, akang'oa madirisha ya mbao, akatia ya vioo vya kusukuma vinavyofunga bila nafasi, uwa akaupunguza, na juu akaezeka. Nyumba nzuri, watu wameisifu. Ndani ya nyumba hiyo, siku ya mvua, akaniletea chetezo kile kile, akakiweka chini ya kitanda nilicholala na mwanangu, akaziba upenyo.

Ndipo nilipokirusha.

Shangazi alikuwa bado anapiga kelele, Mama ananivuta nirudi kitandani. "Desturi ya wazee wote hawa, wewe wa leo ndiye mjuzi? Watukana wafu?"

"Salim naye ni mfu," nikamwambia. "Yeye hatukanwi?"

Alinibandika kidole midomoni. Ndipo tukasikia hodi.

Mwanamume haingii chumba cha uzazi wanawake wakiwa wamekaa ovyo. Shangazi alijifunika, Mama akasema, "Sasa si wakati, mume wangu." Baba akaingia vivyo hivyo. Alikuwa amelowa. Alikuwa ametoka uani, na mkononi alikuwa na kipande cha chetezo, kile kikalio chake, kimepasuka. Amekuwa mzee yule mtu. Hakunitazama. Alipita mpaka dirishani, akaing'oa leso iliyosokotwa, akasukuma kioo wazi mpaka mwisho, mvua ikaingia ikamwaga matone kwenye zulia la Mama.

"Mwacheni," akasema. "Mimi ndiye niliyekipandisha kioo. Kile cha upande wake. Aliniona."

Mama alikaa kitini.

"Miaka yote hii, Baba?" nikamwuliza. "Nilikuwa nikidhani ni mimi. Nilidhani nimezimaliza pumzi zake kwa mchezo."

Akanigeukia. Sijui nilitaka nione nini usoni mwake, lakini niliona mshangao. Hakuwa na habari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza yule mtoto wa kwenye kreti alikuwa akiwaza nini.

"Wewe?" akasema. "Kwa nini wewe?"

Akalia, nami sikumnyamazisha. Mtaniona mgumu. Nilikuwa nimemshika mwanangu, na mkono mmoja umeungua, sikuwa na wa tatu wa kumfutia baba yangu machozi. Labda iko siku nitamfutia. Haijafika.

Tangu siku hiyo dirisha moja hulala wazi, mvua ije isije. Mama ananung'unika kuhusu upepo, lakini hazibi. Jana mvua ilinyesha tena, nikambeba mwanangu nikasimama naye kwenye dirisha la pili, lile lililofungwa, tukitazama maji yakishuka kwenye ukuta wa jirani. Kichwa chake kikaegemea. Mdomo ukagusa kioo. Akahema, ukungu ukashika, duara dogo lisilofika hata ukubwa wa kikombe cha kahawa, likafifia, likashika tena.

Mama alikuja nyuma yangu. Ni mtu wa usafi, mkono wake ulikwenda wenyewe, na ncha ya leso, kupangusa.

Nikaushika mkono ule kabla haujafika.

"Uwache," nikamwambia.

Akauacha.